umask, chmod, fchmod au fchmodat: ubadili ruhusa za faili kwa njia ipi?

Mwezi wa kumi huku Mtwara hakuna anayelala mapema. Msimu wa korosho umefunguliwa, malori yamepanga foleni nje ya maghala, na sisi tunaotengeneza programu za vyama vya msingi simu zetu hazipumziki. Usiku mmoja wa msimu uliopita alinipigia karani wa chama kimoja. Ni mtu wa rika la mama yangu, kwa hiyo salamu kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii kompyuta yako inaninyima daftari langu mwenyewe. Inasema sina ruhusa. Na kesho asubuhi ni mnada."

Nikaingia kwenye seva kwa mbali, nikaandika ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili na ruhusa zake, nikakutana na hiki:

---x-wx--T stakabadhi.csv

Aliyezoea kuona -rw------- atashtuka. Baada ya alama ya kwanza, herufi tatu ni za mmiliki, tatu za kundi, tatu za wengineo; r ni kusoma, w kuandika, x kuendesha. Mwenye faili hawezi kulisoma wala kuliandika. Alichoachiwa ni "kuliendesha", na hili ni jedwali la kilo za korosho, utaliendesha uende nalo wapi? Kosa lilikuwa langu. Kwenye programu nilikuwa nimeandika chmod("stakabadhi.csv", 600) badala ya 0600, yaani mmiliki peke yake asome na kuandika. Ile sifuri ya mbele ndiyo inayoiambia lugha ya C kwamba namba inayofuata imeandikwa kwa msingi wa nane. Ukiisahau, 600 inabaki mia sita ya dukani, ambayo kwa msingi wa nane ni 1130, na 1130 ukiisambaza kwenye biti za ruhusa ndiyo ile michoro hapo juu. Kompaila haikuguna. Wito wenyewe (ombi ambalo programu hulipeleka kwa kaneli, kiini cha mfumo endeshi) ulirudisha sifuri, yaani "tayari, bosi". Nami nikaenda zangu kula.

Kilichonifanya niandike haya lakini ni kilichotokea wakati wa kurekebisha. Wito ninaousifia kwa vijana kila siku kuwa ndio salama, fchmod, ulishindwa kuniokoa. Niliokolewa na chmod, ule ule ninaowaambia wauogope. Basi nikaona heri niviweke vyote mezani kimoja kimoja, maana swali la "kipi bora" naulizwa sana na jibu lake si moja.

Vigezo nitakavyotumia

Fikiria ghala la korosho. Kuna njia nne za kuweka alama kwenye gunia. Unaweza kuliweka alama wakati linashonwa, kabla halijaingia ghalani. Unaweza kumwambia mpagazi, "nenda kaliwekee alama gunia lililoandikwa jina fulani." Unaweza kulishika gunia kwa mkono wako na kulichora mwenyewe. Au unaweza kusimama mbele ya rundo unalolijua na kusema, "katika rundo hili, lile lenye jina fulani." Miito minne ya mfumo tunayolinganisha ndivyo inavyotofautiana, na kila mmoja nitauuliza mambo manne: unalishika faili kwa nini, unaacha mwanya gani kwa mtu mwenye nia mbaya au kwa bahati mbaya tu, unadai masharti gani, na unamfaa nani.

Kwa chmod na jamaa zake wawili kuna mambo hayabadiliki, niyaseme mara moja. Ruhusa hubadilishwa na mmiliki wa faili au na root (msimamizi mkuu wa mfumo), basi. Kuwa na haki ya kuandika ndani ya faili hakukupi haki ya kubadili ruhusa zake. Ukijaribu utapewa kosa la EPERM, yaani hairuhusiwi. Na kaneli inapokagua nani aingie, huanza na mmiliki, kisha kundi, kisha wengineo, na husimama kwenye daraja la kwanza linalokuhusu. Mmiliki akinyimwa, hateremshwi kwenye daraja la kundi akajaribu bahati huko. Ndiyo maana mama karani alikwama ilhali kundi lilikuwa na haki ya kuandika.

open na umask: alama wakati wa kushona

Linashikwa kwa nini. Halishikwi, maana bado halipo. Unapoita open, wito wa kufungua faili, ukiwa na O_CREAT (alama ya kuliumba kama halipo) unataja ruhusa unazotaka, kaneli inaondoa zile zilizozuiwa na umask ya programu (namba inayotaja ruhusa za kuzima), na faili linazaliwa likiwa hivyo. Ukiomba 0666 na umask ni 022, unapata 0644. Wengi hudhani ni hesabu ya kutoa. Siyo. Jaribu 0666 na umask 033: kwa kutoa ungepata 0633, lakini kaneli itakupa 0644 ile ile, kwa sababu kazi yake ni kuzima biti zilizotajwa, na biti ambayo haikuwaka haizimiki mara mbili.

Mwanya. Hapa ndipo njia hii inapozishinda zote, na nataka nikae kidogo. Programu nyingi ninazorithi zinaumba faili kwa ruhusa za kawaida, kisha mstari unaofuata zinaita chmod 0600. Kati ya mistari hiyo miwili faili liko wazi. Utasema ni sehemu ndogo sana ya sekunde, nani atawahi? Programu nyingine inayovizia folda itawahi. Na ikishalifungua, chmod yako haimtoi, kwa kuwa kwenye diski ya kawaida ruhusa hukaguliwa wakati wa kufungua tu; kila kusoma kunakofuata hupita bila kuulizwa. Ukifunga mlango wa ghala baada ya mwizi kuingia, umemfungia ndani na korosho. Faili lililozaliwa na 0600 halina dakika hiyo ya uwazi.

Masharti. Yapo, na yanauma. Faili likiwa tayari lipo, ruhusa ulizotaja kwenye open hupuuzwa kimya kimya; ongeza O_EXCL kama unataka kuambiwa kwamba limekuwepo. umask nayo ni ya programu nzima: nyuzi zote ndani yake (kazi zinazokwenda sambamba) zinashiriki moja, kwa hiyo uzi mmoja ukiibadili kwa muda, mafaili ya nyuzi wenzake yanazaliwa na sura usiyoitarajia. Tena wito wa umask hauna namna ya kuuliza bila kubadili; ili ujue thamani ya sasa unaweka mpya, inakurudishia ya zamani, kisha unairejesha. Kwenye Linux tangu 4.7 unaweza kuisoma katika /proc/self/status, na ninashauri hivyo. Jingine: folda ikiwa imewekewa ACL ya msingi (orodha ya ruhusa inayorithiwa na mafaili mapya), umask haihesabiwi kabisa.

Inamfaa nani. Yeyote anayeumba faili la siri: nywila ya hifadhidata, funguo, orodha ya malipo ya wakulima. Kama unatumia fopen ya C au ya PHP hutapata pa kuandika ruhusa; utategemea umask peke yake, kwa hiyo iweke mapema programu inapoanza, kabla ya nyuzi. Kwenye Python tumia os.open.

chmod: kumtuma mpagazi kwa jina

Linashikwa kwa nini. Kwa jina, yaani njia yake yote kwenye diski. Jina likiwa kiungo kinachoelekeza kwingine, chmod inakifuata hadi kwenye faili lenyewe.

Mwanya. Jina si faili. Mpagazi uliyemtuma akifika akakuta mtu amehamisha kibandiko, ataliwekea alama gunia jingine na atarudi kukuambia kazi imekwisha. Niliwahi kukuta seva yenye folda moja ya kupokelea taarifa kutoka vijijini, kila chama kina haki ya kuandika humo, na kila usiku programu ya root inapita kuyapa mafaili yote 0644 ili yasomeke. Mtu yeyote kati ya wale angeweza kuweka humo kiungo kinachoelekeza /etc/shadow, na asubuhi orodha ya nywila zilizofichwa ingekuwa inasomeka na kila mwenye akaunti. Kukagua kwanza kwa lstat (wito wa kusoma taarifa za faili bila kufuata kiungo) kwamba si kiungo hakusaidii sana, kwani kati ya kukagua na kubadili kuna nafasi ya kubadilishiwa.

Masharti. Machache kuliko ya wenzake: uwe mmiliki, na uwe na haki ya kupita (x) kwenye kila folda iliyo njiani. Haidai uweze kulisoma faili lenyewe. Kumbuka hilo.

Inamfaa nani. Aliye peke yake kwenye folda yake. Hati ya kufunga programu, faili la mipangilio ndani ya nyumba yako, zana ndogo unayoiendesha kwa mkono. Wanaoandika PHP hawana njia nyingine, lugha hiyo haina fchmod. Siwacheki, kwenye folda ambayo hakuna mwingine anayeandika, mwanya nilioueleza haupo.

fchmod: gunia mkononi

Linashikwa kwa nini. Kwa kishikio, ile namba ndogo uliyopewa na open. Kishikio kimefungwa kwenye faili lenyewe, si kwenye jina. Walibadili jina, walihamishe, walifute hata, kishikio chako kinaelekeza pale pale.

Mwanya. Karibu hakuna, mradi ulilifungua vizuri. Fungua kwa O_NOFOLLOW ili kiungo kikataliwe, angalia kwa fstat (inayosoma taarifa za faili kupitia kishikio) kwamba ndilo ulilotaka, kisha fchmod. Hatua zote tatu zinagusa kitu kimoja. Ile programu ya usiku ya root niliiandika upya hivi.

Matumizi ninayoyapenda zaidi ni ya kubadilisha orodha ya bei. Unaumba faili la muda kwa mkstemp, ambalo huzaliwa na 0600, unaandika bei, unaita fchmod kulipa 0644, unaita fsync ili data ifike kwenye diski, halafu rename, wito wa kubadili jina, juu ya lile la zamani. Msomaji anaona orodha ya jana au ya leo, haoni nusu nusu, na haoni faili ambalo hana ruhusa nalo. Umeme ukikatika katikati, la jana lipo.

Masharti. Hapa ndipo lilipo jibu la usiku ule. Ili upate kishikio lazima ulifungue faili, na ili ulifungue lazima uwe na haki ya kulisoma au kuliandika. Kusoma kunatosha, fchmod haidai zaidi. Mimi sina root kwenye seva ile. Naingia kwa jina la mtumiaji wa programu, ambaye ndiye mmiliki wa stakabadhi.csv. Na mmiliki alikuwa amebakiziwa x pekee. Zana yangu ya ukarabati ilianza na open, ikapigwa EACCES (huna ruhusa) mlangoni, fchmod haikupata hata zamu. Nikajaribu ujanja wa kufungua kwa O_PATH, ambao haudai haki ya kusoma. Kishikio nikapata, lakini fchmod inavikataa vishikio vya namna hiyo kwa EBADF (kishikio kisichofaa). Tahadhari nyingine: kufungua si tendo lisilo na madhara siku zote. Ukifungua bomba lenye jina lisilo na mtu upande wa pili, programu yako itasimama ikisubiri.

Inamfaa nani. Programu zinazofanya kazi kwa mamlaka ya root, zinazogusa folda za pamoja, au ambazo tayari zimelifungua faili kwa sababu nyingine. Kwenye Python, os.chmod hupokea kishikio mahali pa jina. Go na Node.js nazo zinayo.

fchmodat: kusimama mbele ya rundo

Linashikwa kwa nini. Kwa vitu viwili: kishikio cha folda, na jina ndani ya folda hiyo. Ukitaja AT_FDCWD mahali pa kishikio, inaanzia kwenye folda uliyopo, na inakuwa kama chmod. Ukipitisha njia kamili inayoanza na mkwaju (/), kishikio cha folda hakitazamwi kabisa. Makosa ya namna hiyo nimeyaona zaidi ya mara moja.

Kwa wanaotumia amri ya chmod kwenye dirisha la amri: ya GNU inafanya kazi kupitia familia hii. Iendeshe chini ya strace, zana ya kuonyesha miito ya mfumo, utaiona.

Mwanya. Nusu kwa nusu. Folda umeishika, kwa hiyo mtu akibadili jina la folda ya juu wakati unapita kwenye mti mzima, hupotei. Sehemu ya mwisho, jina la faili, bado ni jina.

Masharti. Shida ya zamani ni alama ya AT_SYMLINK_NOFOLLOW, ya kuzuia kufuata kiungo. POSIX, kiwango cha mifumo ya Unix, inaitaja, lakini wito wa asili wa Linux, ulioingia na kaneli 2.6.16, ulitengenezwa bila nafasi ya alama. Maktaba ya C iitwayo glibc ilikuwa ikiirudisha kwa kosa, hadi toleo 2.32 la mwaka 2020 lilipoanza kuiigiza kwa kupitia /proc. Linux 6.6, mwaka 2023, ikaleta fchmodat2 yenye nafasi hiyo. Angalia kaneli yako: Ubuntu 22.04 ilitoka na 5.15 na Debian 12 ina 6.1, hizo hazina, Ubuntu 24.04 yenye 6.8 inayo. Na kiungo chenyewe kwenye Linux hakina ruhusa za kubadilika, huonekana 0777 daima, kwa hiyo faida ya alama hii ni kukataa tu.

Inamfaa nani. Anayepita kwenye miti mikubwa ya folda: nakala rudufu, kufungua kumbukumbu zilizobanwa, kusafisha seva yenye folda ya kila chama na kila msimu. Pia anayetaka unafuu wa chmod, bila kulifungua faili, akiwa ameshika angalau folda.

Mitego isiyochagua wito

Flashi. Huku data nyingi bado husafiri kwa flashi ndani ya basi, kutoka Newala au Nachingwea hadi mjini. Flashi nyingi ni FAT au exFAT, ambazo hazina mahali pa kuhifadhi ruhusa za Unix. Kinachoonekana kwenye ls kimetungwa na namna ilivyopachikwa. chmod humo inaweza kukataliwa, au ikakujibu "sawa" bila kubadili kitu. Usitegemee 0600 kulinda majina ya wakulima ndani ya flashi. Yafungie kwa nywila.

NFS. Ukibana ruhusa kwenye diski ya mtandao, hata walioshalifungua faili wanaweza kuathirika papo hapo, kwa kuwa ukaguzi uko kwenye seva. Kinyume kabisa cha nilichosema juu.

Na soma jibu la wito. Ukirudisha -1, errno inakuambia kwa nini. Ila usiku ule ulirudisha sifuri, kwa hiyo baada ya kubadili jambo zito ninaita fstat na kulinganisha.

Kwa hali yako

Kama unaumba faili jipya la siri, usifikirie kubadili ruhusa kabisa. Lipe 0600 kwenye open pamoja na O_EXCL.

Kama folda ni yako peke yako, chmod inatosha, na msimbo utasomeka kirahisi na atakayekurithi.

Programu ikiwa ya root, au folda ikiandikwa na watu usiowaamini wote, fungua kwa O_NOFOLLOW kisha fchmod. Hapa nina msimamo, hata kama mistari itaongezeka.

Mti wa folda elfu kadhaa: fchmodat. Kaneli ikiwa 6.6 au zaidi tumia alama ya kutofuata viungo. Ikiwa ya zamani, pima kwanza kwenye seva ya majaribio.

PHP na folda ya pamoja: tenganisha. Waache wapakiaji waandike folda moja, programu inakili kwenye folda yake, ruhusa zibadilishwe huko.

Na kama umejifungia nje ya faili lako mwenyewe, chmod kwa jina, maana haikuombi ulifungue kwanza. Niliandika programu ya mistari sita, 0600 na sifuri yake, nikaiendesha. Saa tano na dakika ishirini ukaingia ujumbe kutoka kwa mama karani: "Limefunguka. Lala sasa."